Je, Paa Linatosha Kumhesabu Mtu?

Sensa ya mwisho katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Sisi tuliozaliwa baadaye hatujawahi kuulizwa na karani wa sensa jina wala umri. Hata hivyo tumo katika watu zaidi ya milioni 100 wanaotajwa leo. Tumeingiaje humo?

Sehemu ya jibu iko angani. Picha za setilaiti huonyesha msitu, maji, mashamba na mapaa ya nyumba. Watafiti huhesabu wakazi nyumba kwa nyumba katika maeneo machache, kisha hutumia uwiano walioupata kukadiria maeneo wasiyofika. Njia hii imetumika katika majimbo ya magharibi, yakiwemo Kinshasa na Kwilu.

Naona njia hii ni halali. Chanjo ya mtoto haiwezi kungoja sensa, na kijiji kisichokuwa kwenye ramani husahaulika wakati dozi zinapogawanywa.

Wapo wanaosema kwamba anga ni salama kuliko karani, kwa kuwa halimuulizi mtu kabila lake. Nchini Rwanda, mwaka 1994, kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho liliwapeleka wengi kifoni. Hoja hii ni nzito. Lakini inatufundisha kuwa yapo maswali yasiyofaa kuulizwa. Haitufundishi kwamba mwananchi asiulizwe lolote.

Tena paa halisemi. Katika Kivu ya Kaskazini, kijiji kilichokimbiwa hubaki na mapaa yake, huku familia zilizokimbia zikijibana kwa wenyeji wao. Setilaiti huona nyumba ileile, iwe na watu watatu au kumi na watano. Hivyo anayeweza kukosewa zaidi ni yule mwenye shida zaidi. Naye atalalamika wapi? Aliyerukwa na sensa anaweza kusema, "Hamkufika mlangoni kwangu." Katika makadirio hakuna mlango uliorukwa, kwa hiyo hakuna wa kudai.

Basi tutumie makadirio pale ambapo kosa hurekebishika upesi, na kiwango cha chini na cha juu vitangazwe pamoja. Dozi zikipungua, zitaongezwa wiki ijayo; viti vya ubunge vikigawanywa vibaya, kosa hudumu miaka mitano. Na serikali isiyafanye makadirio kuwa sababu ya kuahirisha sensa. Kukadiriwa kunaweza kutuletea dawa, lakini kuulizwa ni haki yetu.