Mayai ya Bibi

Bibi anafuga kuku darini, Kibokoni. Wawili walipoanza kukoroma, akawatilia wote tetrasaiklini majini. Pakiti inasema usiuze mayai hadi siku kadhaa zipite. Jirani akaja na sahani yake.

"Muuzie, mwanangu, huyu ni wetu."

Nikauza. Kumbishia Bibi mbele ya mgeni? Wapi!

Fleming alionya kwenye hotuba yake ya Nobel, 1945: dozi hafifu huwafunza bakteria kuihimili dawa. Kenya iliandika mpango wa kupambana na usugu huo 2017, ila nani atapanda ngazi hizi kukagua kuku sita? Siku dawa ikimgomea mtoto wa jirani, hakuna atakayeyashuku mayai yetu. Kosa lisilojulikana mwenyewe bado ni langu?

Jana kaja tena. Nikamwambia kuku hawatagi.