Tunamlipa Fundi wa Baiskeli kwa Lipi?

Busia, mji nilikozaliwa, upo nusu Uganda nusu Kenya, na baiskeli ndiyo iliyoushona. Ni huku mpakani, miaka ya 1960, vijana walikoanza kubeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na jina la boda boda likazaliwa. Leo abiria wamehamia kwenye pikipiki, lakini mizigo mingi bado inabebwa kwa baiskeli. Kaka yangu ni mmoja wa wabebaji hao. Hubeba magunia ya mahindi, kreti za soda, wakati mwingine kitanda kizima kikiwa kimefungwa kwenye keria. Baiskeli ikilala, naye analala.

Likizo ya mwezi wa sita alinituma niipeleke kwa fundi ifanyiwe sevisi yote. Fundi ni mzee anayekaa chini ya mwembe karibu na soko. (Baiskeli yake mwenyewe haina breki ya mbele. Mganga hajigangi.) Aliigeuza ya kaka ikasimama juu ya tandiko, akazungusha magurudumu, akayasikiliza kama daktari, halafu akataja shilingi 15,000. Angefungua habu zote mbili, yaani vile vitovu vya magurudumu, aoshe gololi kwa mafuta ya taa, apake grisi mpya, anyooshe rimu ya nyuma, akaze spoki na kurekebisha breki. Nikamuuliza ni vifaa gani tutakavyonunua. Akasema hakuna, ila gololi chache, na anazo kwenye kopo lake.

"Basi Mzee, elfu kumi na tano za nini, na huweki kitu?"

"Za kazi, binti yangu."

Nilicheka. Tukavutana mpaka 8,000, akakubali. Jioni baiskeli ilikuwa inang'aa, cheni imepakwa mafuta, na kwenye midomo ya habu grisi mpya inaonekana. Nikamrudishia kaka chenji ya 7,000 nikijiona mjanja wa mjini.

Wiki tatu baadaye, akiwa na magunia mawili, gurudumu la nyuma lilikwama ghafla kwenye mteremko. Kaka alianguka na mzigo, mkono ukateguka, na kwa siku tisa hakufanya kazi. Fundi mwingine alipoifungua ile habu tuliona gololi zilezile za zamani, kavu, nyingine zimepasuka. Upande mmoja zilikuwa 7 badala ya 9. Grisi mpya ilikuwa imepakwa nje tu, pale jicho linapofika.

Nilimwita mzee yule mwizi, na neno hilo sijalifuta. Nilimwendea na hasira zangu zote nikitarajia akane. Hakukana. Alisema, bila kuniangalia, kwamba kwa elfu nane alifanya kazi ya elfu nane. Kisha akaongeza: "Ningekwambia cheni imekufa, ungenunua mpya hapa hapa kwa elfu kumi na tano. Usingeuliza ya nini."

Ni kweli. Ningenunua. Cheni ningeishika mkononi, ningemwonyesha kaka, na pesa zake zingekuwa zimegeuka kitu. Kazi ya kuosha gololi haishikiki. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ninaloliweka hapa: mteja anapokata bei ya kazi asiyoweza kuiona, anakata nini hasa?

Sokoni kukata bei si dhambi. Nikimwambia mama muuza nyanya apunguze, nyanya ziko mbele yetu sote wawili. Akipunguza bei, fungu linabaki lilelile, au analipunguza nikiwa naona. Kilichopungua ni faida yake, na anajua amepunguza kiasi gani. Kwa fundi mambo ni tofauti. Anachouza kimo ndani ya chuma, na mimi sina spana wala ujuzi wa kukifungua. Nikimtoa kwenye 15,000 mpaka 8,000 nadhani nimepunguza bei, kumbe huenda nimepunguza kazi, na sehemu ipi imepunguzwa anajua yeye peke yake. Tumekubaliana juu ya namba tu.

Wanafunzi wenzangu wa falsafa watanikumbusha Aristotle, aliyeuliza katika kitabu cha tano cha Maadili kwa Nikomako ni viatu vingapi vinalingana na nyumba moja, akajibu kwamba kipimo ni hitaji, na fedha inasimama mahali pa hitaji hilo. Nakubali. Lakini mjenzi anaweza kukivaa kiatu kabla hajatoa nyumba, na mshona viatu anaweza kuingia ndani ya nyumba akatazama paa. Watanikumbusha pia muuza duka wa Immanuel Kant, katika kitabu cha mwaka 1785, mwenye bei moja kwa wateja wote hata mtoto akija kununua. Kant alitaka kujua kama muuza duka huyo ni mwaminifu kwa sababu ya wajibu au kwa sababu uaminifu unamletea wateja. Swali zuri, ila mtoto wa Kant akifika nyumbani mama yake anaweza kuupima unga upya. Nani angeipima upya ile habu? Iliyoipima ni mteremko na magunia mawili.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Kwetu vitu tunavilipia bila maneno mengi, lakini kazi tunaona kama nyongeza, kitu ambacho mtu mwema angekifanya bure. Fundi analijua hilo. Akitaka kula kwa ujuzi wake, njia nyepesi ni kuuficha ujira wake ndani ya kifaa: aseme cheni imekwisha wakati ina mwaka mzima mbele, auze tairi ambalo halikuhitajika. Yule asemaye "vyote vizima, nilipe kwa kazi tu" ndiye tunayemcheka. Yule mzee alianza kwa ukweli siku ile. Aliniambia hakuna kifaa cha kununua, maneno yaliyomnyima faida ya kuniuzia cheni, na mimi nikauchukua ukweli huo nikaugeuza fimbo ya kumpigia bei.

Je, hilo linamsafisha? Hapana. Angeweza kukataa 8,000. Angeweza kusema, kwa pesa hiyo nitafanya breki na rimu, habu tusiziguse, na kaka angejua anapanda kitu gani. Ile grisi ya nje ndiyo inayonikera kuliko hata zile gololi mbili zilizokosekana, maana kuacha kazi ni jambo moja, na kuipamba isionekane kwamba imeachwa ni jingine. Kwa uongo huo hana wa kumlaumu. Ila nimeshindwa kusema kwamba mimi nilikuwa mtazamaji tu. Mkono wa kaka uliteguka kwa bei ambayo watu wawili waliikubali, na hakuna hata mmoja wao aliyepanda baiskeli hiyo.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita. Kaka naye ni maskini. Kuna siku habakiwi na 10,000 akishakula na kulipa vibarua wa kupakia. Ni rahisi kwangu, mtoto wa chuo, kuandika kwamba fundi alipwe haki yake, wakati haki hiyo inatoka mfukoni mwa mtu mwenye jasho kama lake. Sina jibu linalowatosha wote wawili. Najua tu kwamba umaskini wa kaka haukupungua kwa zile 7,000. Uliahirishwa wiki tatu, kisha ukaja pamoja na gharama ya dawa.

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi kwenye mwembe. Kaka alisema nimetafuta fundi mwingine bure, kwani wote ni walewale, bora huyu ambaye tayari tumeshagombana naye. Nilimsalimu mzee, nikaitaja mwenyewe 15,000, nikamwomba afanye yote. Alizihesabu noti polepole, akaziweka chini ya kopo la gololi, akaniambia nirudi saa tisa.

Palikuwa na kigoda kando yake. Ningeweza kukaa nihesabu gololi tisa upande huu na tisa upande ule, naye angejua kwa nini nimekaa. Nilisimama kidogo nikijifanya natafuta kitu mkobani. Halafu nikaenda sokoni.