Nani Kasema Steringi Hafi?

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua kanuni hii kuliko jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kwenye kiti, atatupwa kutoka ghorofani, lakini kabla mkanda haujaisha atasimama, atajifuta damu mdomoni na kumaliza kazi. Raha yenyewe ilikuwa kulijua hilo na bado kuogopa.

Sasa fikiria steringi ni wewe. Wewe ndiye unayeamua afanye nini, na dadu ndizo zinazosema kama amefaulu. Je, kanuni ile ibaki? Na kama ibaki, nani ana haki ya kuilinda kwa siri?

Nieleze kidogo kwa wasioijua michezo hii. Mchezo wa kuigiza wa mezani hauhitaji skrini. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake. Mmoja wao, hapa nitamwita mwendeshaji, hana shujaa wake. Yeye ndiye jiji, ndiye mvua, ndiye polisi, ndiye adui. Mchezaji anasema, "Naruka kulishika basi." Dadu zinarushwa. Mwendeshaji anasimulia kilichotokea. Michezo hii ilipata umaarufu Marekani kuanzia mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na mashujaa wa vinyago na majoho hawakuchelewa kuingia: Villains and Vigilantes mwaka 1979, Champions mwaka 1981, kisha Marvel Super Heroes ya kampuni ya TSR mwaka 1984. Huo wa mwisho ndio ninaouendesha zaidi. Kikundi chetu kinaucheza katika New York ya vitabu vya katuni, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika New York. (Kwamba tunazijua barabara za huko kuliko za Lindi ni suala la siku nyingine.)

Mwendeshaji huwa na kadibodi iliyokunjwa anayoisimamisha mbele yake. Nyuma yake anaficha maandishi, ramani na mipango ya adui, na mara nyingi huko ndiko anakorushia dadu zake. Wenzake wanasikia mlio tu. Basi, dadu zimesema basi la shule limetumbukia mtoni. Hakuna aliyeona ila wewe. Mezani kuna watu waliochoka na wiki nzima ya kazi, chai imepoa, wote wanakutazama mdomo. Unasema, "Limesimama! Limebakiza kama kiganja hivi lianguke!" Watu wanapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta.

Una kosa gani hapo?

Wengi wa waendeshaji ninaowafahamu watajibu: hakuna kosa. Hoja yao si ya kijinga. Wanasema watu hawakuja kusoma hesabu za dadu, wamekuja kupata hadithi. Fundi wa hadithi anajua lini ampe msikilizaji pumzi. Bibi aliyekusimulia habari za sungura na fisi alibadilisha mwisho kulingana na usingizi wako, na hujamshtaki hadi leo. Kwa nini mwendeshaji akatazwe?

Jibu langu ni kwamba bibi hakukuambia sungura ni wewe. Hakukuuliza, "Utafanyaje?" kisha akajifanya jibu lako ndilo lililoamua. Anayesimulia hadithi yake anaweza kuikunja apendavyo. Aliyekuuliza swali ameingia nawe mkataba.

Na katika hadithi za mashujaa jambo hili linauma zaidi kuliko kwenye michezo ya mapanga na mazimwi. Hadithi hizi, ukiondoa majoho na ngumi, zinahusu mtu mwenye nguvu ambazo hakuna wa kuzikagua. Anaweza kupenya ukuta; je, atapenya wa benki? Anaweza kusoma mawazo. Je, atasoma ya mkewe? Haya, mezani pale nani ana nguvu zisizokaguliwa? Siyo yule anayerusha magari. Ni yule aliye nyuma ya kadibodi. Anawatungia wenzake maswali kuhusu matumizi ya nguvu huku yeye akizitumia zake gizani, kwa nia njema. Kila adui mzuri wa kwenye katuni ana nia njema.

Marvel Super Heroes, uliobuniwa na Jeff Grubb, ulikuwa umeshaliona tatizo hili kwa namna yake. Mchezaji anapata pointi ziitwazo Karma kwa kuokoa watu, kuzuia uhalifu na kutimiza ahadi. Dadu zikimgomea, anaweza kutumia Karma kuyapandisha matokeo. Halafu kuna sheria moja kali: shujaa akiua, Karma yake yote inafutika. Yote, siyo nusu. Umejikusanyia kwa wiki nyingi, umemwangusha jambazi mmoja kutoka juu ya paa kwa hasira, umerudi sifuri.

Napenda sheria hiyo kwa sababu inaweka huruma mahali panapoonekana. Ukitaka basi lisianguke, lipia. Toa ulichokipata kwa kumvusha yule mzee barabara wiki tatu zilizopita. Sasa mwendeshaji anapobadilisha dadu kimyakimya ili kukusaidia, anakufanyia nini? Anakupa bure kitu ambacho mwenzako wa upande wa pili wa meza ametoka kukilipia. Karma ya mwenzako imegeuka noti bandia, na hajui.

Wapenzi wa fasihi mtaniambia hadithi inahitaji mpango, haiwezi kuachiwa dadu. Nakubali kwamba inahitaji mpango. Tunatofautiana juu ya nini kinapangwa. Mwendeshaji anayepanga mwisho, kwamba shujaa atafika mnarani saa sita usiku na kumshinda adui kwa shida, ameandika tamthilia na anatafuta waigizaji wasiolipwa. Mimi napanga vitu vitatu tu: adui anataka nini, atafanya nini kesho na keshokutwa ikiwa hakuna atakayemzuia, na nani ataumia. Baada ya hapo naandika karatasi mbili kwa kila tukio kubwa, moja kama wakifaulu na moja kama wakishindwa. Karatasi ya kushindwa ndiyo inayochukua muda mrefu. Ukiona mwendeshaji hana karatasi hiyo, jua dadu zake ni za mapambo.

Mwaka 1988 wachapishaji wa Batman, DC, walifanya jambo ambalo mpaka leo linabishaniwa. Robin wa wakati huo, Jason Todd, hakupendwa na wasomaji wengi. Katika hadithi moja Joker alimpiga kwa mtaimbo kisha bomu likalipuka alipokuwa. Toleo likaishia hapo, na wasomaji wakapewa namba mbili za simu: moja ya kumwacha aishi, nyingine ya kumwacha afe. Saa 36, senti 50 kwa simu. Waliotaka aishi walikuwa 5,271. Waliotaka afe, 5,343. Tofauti ni kura 72. Toleo lililofuata, Batman alitoka na maiti mikononi.

Unaweza kusema ulikuwa ukatili, hata biashara ya aibu, na sitabishana nawe sana. Kumuua mtoto wa hadithi kwa senti 50 kunatia kichefuchefu. Lakini tazama kilichofanyika nyuma ya pazia: kurasa za mwisho wa pili, ule ambao Robin anaishi, zilikuwa zimechorwa. Kwa hiyo waliuliza swali huku wakiwa tayari kwa majibu yote mawili. Kwa tofauti ndogo vile ingekuwa rahisi mno kutangaza kinyume, na nani angejua? Ukatili ulikuwa kwenye kuuliza. Baada ya kuuliza, uaminifu ulidai jibu liheshimiwe. Mwendeshaji asiyetaka basi lianguke ana nafasi nzuri sana ya kulizuia lisianguke: asiliweke darajani.

Hapa niseme neno kuhusu siri, maana watu huchanganya. Sidai mwendeshaji aweke kila kitu wazi. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na kila mwezi kuna jina ninalolificha. Chanzo changu hakitajwi, na mhariri akilazimisha tunagombana. Lakini kukificha chanzo ni jambo moja, kukibuni ni jambo jingine kabisa, na hakuna anayehitaji shahada kuona tofauti hiyo. Mezani ni vilevile. Kwamba meya ndiye adui, hiyo ni siri, ataijua atakayechunguza. Kwamba dadu zilisema nane nami nikatamka kumi na tisa, huo ni uongo. Kuna na uongo wa tatu, mtamu kuliko yote: unawapa wachezaji njia mbili, kwenda bandarini au hospitali, wanabishana nusu saa, wanachagua kwa uchungu, na wewe ulishaamua kwamba popote watakapokwenda watamkuta adui yuleyule na bomu lilelile. Hakuna dadu iliyoguswa. Ila nusu saa ile ya mabishano, ambayo ndiyo iliyokuwa na utu wao wote ndani yake, umeitupa jalalani.

Mwaka jana rafiki yangu, mwalimu wa sekondari, alichagua hospitali. Umeme ulikuwa unakatika, mashine zinazima, na kule kwenye jengo lao moto ulikuwa unapanda ngazi alipokuwa mlinzi wa mlango, mzee wa hadithi tu ambaye kikundi kilimzoea kwa miezi. Aliokoa wodi. Kisha akakimbilia jengoni na kurusha dadu katikati ya meza, mbele ya macho ya watu wote. Karma ilikuwa imekwisha hospitalini. Dadu zikakataa. Nikaichukua karatasi ya pili, nikasoma. Alinyamaza muda, halafu akauliza mzee alikuwa na familia. Kilichofuata, vikao vinne vya yeye kumtafuta binti wa yule mzee Harlem, hakikuwa kwenye mpango wangu wowote, na ndicho bora zaidi tulichowahi kucheza.

Lakini mezani petu yupo pia muuguzi. Siku ile alisema wazi: "Kaka, mimi vifo navikuta kazini. Hapa nimekuja kupumzika." Sijui kama kuna hoja nzito kuliko hiyo, na Jason Todd hawezi kuijibu.

Tulichofanya ni kubadilisha sheria kwa sauti. Kabla ya kikao, kila mtu alisema kisichoruhusiwa kutokea, na kwa ajili yake wagonjwa na watoto wakatolewa kabisa kwenye hatari ya kufa. Michezo mingine imeliweka hili ndani ya kanuni zake. Masks, uliotoka mwaka 2016 na unaohusu mashujaa vijana, mara nyingi hauulizi kama utakufa. Ukipigwa unaandika kwenye karatasi kwamba una hofu, hasira, hatia, umekata tamaa au hujiamini. Na mwendeshaji wake harushi dadu kabisa. Hana cha kuficha. Champions nao una njia yake: ukitaka pointi za kununulia nguvu, unaweza kukubali kuwa na mtu anayekutegemea, mama yako tuseme, na mwendeshaji anarusha dadu tatu kuona kama ataingia matatani katika tukio hilo. Inatisha kununua uwezo wa kuruka kwa usalama wa mama, lakini umekubali mwenyewe, kwa kalamu yako.

Muuguzi aliridhika na makubaliano yetu, hoja yangu hakuikubali. Ananiambia kwamba kuna mambo anayowaambia ndugu wa wagonjwa kila wiki, saa nane za usiku, ambayo si kweli, na kwamba siku atakayoyajutia ataacha kazi. Nilimjibu kwamba ndugu yule hakuja wodini kucheza, na hakuna aliyempa dadu. Akasema hapo ndipo ninapojidanganya, kwamba mtu aliyechoka akija kwangu Jumamosi ni yuleyule aliyekuja kwake Ijumaa. Tulibishana mpaka mwalimu akatuomba turudi mchezoni, kwa sababu treni ilikuwa bado iko juu ya daraja na ilikuwa zamu yake kurusha.