Ngozi imetwaharika, mto je?

Ndugu Waislamu, fiqhi inatufundisha kuwa ngozi ya mzoga hutwaharika ikidabighiwa. Mimi ni mkemia wa kiwanda cha ngozi, na kwa miaka mingi nilijiona niko katika kazi ya twahara.

Lakini chumvi ya kromiamu tunayotumia haiingii yote katika ngozi. Hata theluthi yake hutoka na maji. Mtambo wa kuyasafisha ukizimwa usiku kuokoa gharama, maji hayo huishia mtoni, ambako jirani anamwagilia mchicha. Asubuhi naletewa fomu nisaini kuwa yako salama.

Je, saini hiyo si ushahidi wa uongo? Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru wengine. Mshahara hutoka kwa mwajiri, riziki kwa Allah (s.w.). Jana nimeirudisha fomu bila saini.