Bei ya Damu na Uzito wa Gunia

Makambako, pale barabara ya kwenda Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, msimu wa viazi haujifichi. Magunia yanapangwa yakisubiri malori, na mengi yamevishwa kitu kama kilemba: mdomo wa gunia umeongezewa kipande cha wavu, viazi vikajazwa juu ya viazi, kisha vikakazwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa inaweza kupita kilo 120. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Zile kilo za juu, zilizopandwa, kupaliliwa na kuchimbwa kwa jembe lilelile, zinaondoka bure.

Nimejiuliza kwa nini jambo hili halijawahi kunitia aibu nikiwa kanisani.

Mimi ni mhafidhina katika imani, na sioni haja ya kuomba radhi. Naamini ndoa ni agano. Naamini mwili si kitu cha kuchezea, na kwamba dhambi haiachi kuwa dhambi kwa sababu imezoeleka. Anayewacheka wahubiri wetu kwa kusisitiza usafi wa maisha ajiulize kwanza kama anaijua Njombe. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kila kumi mkoani ana maambukizi ya VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Mahali ambapo watoto wengi wamelelewa na bibi zao, mahubiri juu ya uaminifu wa ndoa si ushamba.

Lakini Katekisimu Ndogo ya Luther, ambayo Walutheri wa huku wamefundishwa tangu wamisionari wa Berlin walipoingia Ubena mwishoni mwa karne ya 19, haiishii kwenye amri ya sita. Inayofuata ni ya saba, usiibe. Luther, alipoieleza mwaka 1529, hakumtaja tu mwizi anayevunja mlango. Alimtaja pia anayejipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila. Kwa maneno mengine, alitaja lumbesa. Na Mithali inaiita mizani ya udanganyifu chukizo, neno zito lilelile tunalolipenda tunapozungumzia dhambi za watu wengine. Kijana akimpa binti mimba nje ya ndoa hutengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Sijawahi kusikia mtu aliyetengwa kwa sababu ya kilemba cha gunia.

Mtu atasema ninakuza jambo dogo. Basi tulitazame kubwa.

Januari 2019 Njombe ilijulikana dunia nzima kwa habari mbaya. Watoto waliotoweka walikutwa wameuawa, baadhi wakiwa wamekatwa viungo. Vyombo vya habari vilifikisha idadi hadi watoto 10. Viongozi wa serikali walihusisha mauaji hayo na ushirikina: imani kwamba kiungo cha binadamu, kikipita mikononi mwa mganga, huleta utajiri. Hatukuwa wa kwanza. Miaka ya nyuma yake, Kanda ya Ziwa ilikuwa imewazika watu wenye ualbino waliouawa kwa imani ya namna hiyohiyo. Wazazi wa Njombe wakaanza kuwasindikiza watoto shuleni, na makanisa yakalaani. Yalifanya vema kulaani.

Ila kulaani mganga ni rahisi, kwa kuwa hakai kwenye kiti cha mbele. Kazi ngumu ni kuuliza imani ya mteja wake inasema nini. Inasema utajiri una njia ya mkato, na kwamba mtu mwingine, dhaifu, asiyeweza kukataa, ndiye atakayeulipia. Ukiondoa damu, sentensi hiyo tunaifahamu sote. Mwenye lumbesa anaiishi kila msimu. Mhubiri anayeahidi kwamba sadaka ya leo itarudi mara mia kabla ya Ijumaa anafundisha nusu yake ya kwanza, na mara nyingi mjane aliyetoa nauli yake ndiye anayekamilisha nusu ya pili.

Sisemi makosa haya ni sawa. Kumuua mtoto na kumpunja mkulima ni vitu viwili, na asiyeona tofauti amepoteza akili. Nasema tu kwamba jamii inayozoea kutouliza hela imetoka wapi inajinyima silaha mapema, siku ambayo jibu bado ni viazi.

Hapa kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Huku kwetu swali la hela limetoka wapi limeshaumiza watu. Kijana akijenga nyumba ya bati jipya, wapo watakaonong'ona kwamba katoa kafara. Mwenye duka akifanikiwa, anasemwa kwa chuma ulete. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anaitwa mchawi. Je, kanisa likianza kuuliza, si litakuwa limeuvika mnong'ono joho?

Litakuwa, kama litauliza kwa kunong'ona. Uvumi huwauliza wachache, gizani, juu ya mambo yasiyopimika. Amri ya saba inatuuliza wote, mchana, juu ya mambo yanayopimika: gunia lina kilo ngapi, kibarua wa shamba la chai amelipwa lini, mwenye miti alielezwa bei halisi ya mbao au alidanganywa, shamba la parachichi lilinunuliwa kwa nani na ndugu zake walikuwepo. Mwenye majibu hayo hana haja ya kuogopa mnong'ono, na jirani anayeyajua hana haja ya kubuni kafara. Uchawi hustawi pale ambapo mali ya mtu haielezeki.

Kisa kinachonisumbua zaidi kimo katika Mathayo 27. Yuda alipozitupa fedha hekaluni, makuhani walezile waliomlipa ili Yesu akamatwe walikataa kuziweka katika hazina, kwa kuwa zilikuwa bei ya damu. Walinunua nazo shamba la kuzikia wageni. Walikuwa wanafiki, lakini hata wanafiki wale walijua kuna fedha ambayo sanduku la sadaka halipokei. Kwenye harambee zetu mtoaji mkubwa hupigiwa vigelegele na kuombwa asimame tumwone. Hatujawahi kumuuliza kitu.

Serikali imefanya sehemu yake, kwa kiasi. Mwaka 2015 ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Lumbesa imekatazwa na kukatazwa tena. Lakini mhafidhina anapaswa kuwa wa kwanza kukumbuka kwamba sheria haiwezi kufanya kazi ya dhamiri. Afisa wa vipimo hawezi kusimama kwenye kila shamba kuanzia Uwemba hadi Lupembe. Mzee wa kanisa yupo karibu kila kijiji, na mara nyingi ndiye mwenye shamba, au ndiye mnunuzi.

Kwa hiyo sina mapendekezo makubwa. Darasa la kipaimara likifika amri ya saba, mwalimu alete mizani na gunia, watoto wapime. Wengi wao ndio wanaoshika mdomo wa gunia baba anaposhindilia.