Aliyebeba Bahasha

Nafasi ya katibu mahsusi wa mkurugenzi wetu imejazwa na mgeni. Dada wa masjala, aliyetusambazia barua miaka kumi na mmoja, hakuitwa hata kwenye usaili. Nilipouliza, ofisa utumishi alinijibu bila kuinua macho: "Yule ni wa kutumwa tu, kaka. Kiti kile kinataka mtu wa kuaminiwa."

Kuaminika ni kukabidhiwa kitu ukakitunza. Tusipoteze muda hapo. Linaloniudhi ni hilo "tu". Bahasha zenye mhuri wa SIRI zimepita mikononi mwake: za nidhamu, za uhamisho, na mwaka mmoja ile ya onyo langu. Hakuna aliyenicheka kantini. Ofisa anasema hajajaribiwa. Amejaribiwa kila asubuhi! Ila mtihani huo ukifaulu hauonekani. Mvujishaji ataacha alama, mtunza siri haachi kitu. Uaminifu wake ni mkusanyiko wa mambo yasiyotokea, na sijaona faili lenye folio za mambo yasiyotokea. Halafu ofisa huyo huyo ndiye aliyekuwa akimpa bahasha. Ama alimwamini, na sasa anasema uongo, ama hakumwamini, na siri zetu amekuwa akizitembeza korido nzima mikononi mwa mtu asiyemwamini. Achague moja, na kwa lolote atakalochagua, kiti kinachotiliwa shaka ni chake.

Eti bahasha iliyofungwa si sawa na kikao ulichokisikia kwa masikio yako: sawa, ni hoja. Na matangazo ya ajira serikalini yamezoea kumtaka katibu mahsusi aweze hatimkato ya maneno 80 kwa dakika. Hilo apimwe kama wenzake.

Maneno nayo yana vituko. Waingereza, neno lao la katibu lina asili ya Kilatini, kwenye neno la siri. Letu tumelitoa kwa Waarabu, na mzizi wake ni kuandika. Labda ndiyo maana tunahesabu vidole na kusahau mdomo. Mama yangu mdogo alisomea uhazili Tabora enzi za taipureta, akajivunia kasi yake mpaka uzeeni. Aliyoyanyamazia sikumsikia akijivunia hata siku moja, na sijui angejivuniaje bila kuyasema.

Jana nilimfuata yule dada masjala, nikamshauri aandike malalamiko.

"Niorodheshe nini humo, kaka?"

"Barua zote nzito ulizobeba, na kwamba hakuna iliyovuja." Nikaanza kumtajia: ya uhamisho wa mhasibu, ya yule dereva. Nilipokaribia ile ya kwangu, nikanyamaza.

Akanisogezea kitabu cha dispachi. Kulikuwa na bahasha yangu moja, nikaitilia saini.