Kuuliza Habari za Mgonjwa

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: mtu anapouliza, "Fulani anaumwa nini?", anataka nini hasa? Kwa mila zetu swali hilo ni la heshima, na asiyeuliza habari za mgonjwa huhesabiwa kuwa hana utu. Lakini nimeishi miaka ya kutosha kuona swali hilohilo likitumika kama fimbo, na mmoja wa walioishika fimbo hiyo nilikuwa mimi.

Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Walikuwa watatu, mwaka 1983. Ilikuwa imepita miaka minne tu tangu kumalizika kwa vita vya kumng'oa Idi Amin. Bidhaa zilikuwa adimu madukani, na vijana wengi walivuka mpaka kwenda na kurudi wakitafuta chochote cha kuuza. Jina la UKIMWI lilikuwa halijatufikia. Sisi tuliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyoingia kwa magendo kutoka Uganda na kuvaliwa na vijana wenye fedha. Jina lenyewe lilikuwa hukumu: lilisema kwamba ugonjwa umetoka ng'ambo, na kwamba aliyeupata aliufuata mwenyewe. Ajabu ni kwamba huko ng'ambo, upande wa Rakai, walikuwapo Waganda walioamini kuwa umeletwa na uchawi wa wafanyabiashara wa Kitanzania waliodhulumiwa. Kila upande ulikuwa umekwisha kumpata mkosaji, kabla ya upande wowote kujua ugonjwa unapita njia gani.

Wakati ule nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, mbali na nyumbani. Kila nilipokuja likizo nilipokewa kwa habari: nani amekonda, nani amerudishwa kutoka mjini akiwa amebebwa, nani amezikwa kibanjani kwao. Nami, kwa mazoea ya kazi yangu, nikaanza kuyaandika majina hayo nyuma ya daftari la maandalio ya masomo. Nilijiambia kuwa nafuatilia mwenendo wa ugonjwa, kama impasavyo mtu aliyesoma. Kufikia mwisho wa mwaka 1985 ukurasa mzima ulikuwa umejaa.

Jina mojawapo lilikuwa la rafiki yangu niliyeanza naye darasa la kwanza. Nyumba yao haikuwa mbali. Ni migomba tu iliyotutenganisha. Nilijua kwamba amelala ndani. Nilijua hata siku aliyoacha kula. Kila jioni niliuliza habari zake kwa wapita njia, na kila asubuhi nilipata sababu ya kutokwenda. Likizo ikaisha, nikapanda meli Bukoba kwenda Mwanza, nikarudi kazini. Mwezi uliofuata akafariki.

Nilipokwenda kuhani, mama yake alinipokea vizuri. Akanipa kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, kama apewavyo mgeni yeyote. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote: "Mwanangu, wale wasiojua nimewasamehe. Wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unauliza mpaka hapo njiani. Mbona hukuingia?"

Sikuwa na jibu.

Nimelifikiria swali la mama yule kwa miaka karibu arobaini, na nimeona kwamba kuna kujua kwa namna mbili. Kwanza ni kujua njia ya ugonjwa: unaambukizwaje, hauambukizwi vipi. Elimu hiyo ni mali ya watu wote, na kuificha ni kosa. Watu wa Kagera walipoelewa kwamba UKIMWI hauambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kula sahani moja, wagonjwa wengi walirudishiwa nafasi yao mekoni. Namna ya pili ni kujua jina la mgonjwa. Hiyo si mali ya wote, ni deni. Tabibu akilijua anadaiwa matibabu. Mwenzi wa ndoa ana haki ya kulijua, kwa kuwa analo la kufanya. Ndugu anadaiwa uuguzi, na jirani anadaiwa hodi. Asiyekusudia kulipa chochote, kwa nini akope?

Huenda msomaji akanipinga: je, maradhi yanayoambukiza kwa pumzi? Hapo si kukaa mbali ndiko wajibu wenyewe? Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake nililipata nikiwa mstaafu. Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana Arusha, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Siku iliyofuata serikali ikatangaza kufunga shule. Hata kabla hatujazoea kunawa kwenye ndoo za maji tiririka, swali lilikuwa lilelile la zamani: ni nani huyo?

Miezi michache baadaye nikashikwa na homa na kikohozi. Sikupimwa, hivyo siwezi kusema ilikuwa nini. Njia ya kwetu ikawa kimya. Lakini mama mmoja kijana, jirani yangu, alikuja kila asubuhi mpaka penye ua, akapaza sauti: "Shikamoo Mwalimu! Umeamkaje? Umepungukiwa nini leo?" Akaweka chupa ya uji juu ya kisiki, akarudi nyuma, akasubiri mpaka anione nimeichukua. Hakuingia hata siku moja, na alifanya vyema, maana alikuwa na watoto wadogo. Hata hivyo sikujiona nimetupwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Zamani nilikuwa nikijitetea kwamba niliogopa, na kwamba wakati ule hatukujua. Ni kweli niliogopa. Hofu si dhambi. Lakini ningeweza kusimama penye migomba nikamwita kwa jina lake. Sauti yangu ingefika. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumgeuza rafiki yangu kuwa habari, na habari haiitwi kwa jina ili iitikie.

Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani kwetu, kijana mmoja alikuja kwangu akihema, ana majina ya kuniambia. Sitasema kwamba sikutamani kuyasikia. Masikio ya mzee nayo yana uchu. Lakini nilimkatiza, nikamwuliza: "Watoto wao wamebaki na nani?"

Hakujua. Tukaondoka pamoja kwenda kuuliza.